Mzinga Niliouosha

Nilipokuwa na miaka kumi na sita nilitaka kitu kimoja tu: mzinga wangu mwenyewe. Baba yangu analima mahindi hapa Kwedizinga kama kila mtu, lakini ukimuuliza kazi yake atakuambia nyuki. Kaka yangu alianza kufuatana naye porini akiwa darasa la tano. Mimi niliachiwa kuchuja asali nyumbani, na nilichuja vizuri kuliko wote wawili, hilo sisemi kwa kujisifu. Siku nilipochoka kuchuja asali ya watu nilimwambia baba waziwazi kwamba nataka kufuga. Akasema, "Likizo ikifika."

Likizo ilipofika aliteremsha mzinga wa zamani ambao nyuki walikuwa wameuhama, gogo lililotobolewa katikati lenye vifuniko viwili vya mbao. Akauweka uani. "Huu wako," akasema, akachukua jembe akaenda shamba.

Siku hiyohiyo niliupiga picha kwa simu ya mama nikamtumia shangazi, anayeuza nafaka sokoni Korogwe. Shangazi si mtu wa kuambiwa jambo nusu. Alinijibu kwa sauti, huku watu wakipatana bei nyuma yake: "Mwanangu, nakutengea rafu nzima." Juma lile nikaenda kumsalimia, na nikarudi nimeshachapisha lebo za chupa, zenye jina langu na ua la njano pembeni. Mzinga wenyewe ulikuwa bado uko chini, uani, kuku wanaupanda.

Basi nikaamua kuusafisha. Mimi nimelelewa na mama ambaye sufuria isipong'aa inarudi kuoshwa, hata kama chakula kimeshaiva kinangoja kupakuliwa. Nilipofungua vifuniko na kuchungulia ndani niliona weusi mtupu, kuta zinanata, harufu ya nta ya miaka. Niliona aibu kwa niaba ya nyuki. Nikachukua sabuni ya unga na brashi ya kufulia, nikabeba maji ndoo nne kutoka bombani, nikasugua mpaka mbao ikaonekana rangi yake. Baba alipita nikiwa katikati ya povu. Alisimama kidogo, akaenda zake. Nikauanika mzinga siku mbili, kisha tukautundika; kaka alipanda mtini, baba akafunga kamba, mimi nikatoa amri ambazo hakuna aliyeziomba.

Nilikwenda kuutazama kila asubuhi. Migunga ilichanua, pori likavuma kwa nyuki, na mizinga miwili mipya ya baba ikapata wageni. Wangu aliingia mjusi. Shule ikafunguliwa, ikafungwa tena, mjusi bado yupo. Shangazi aliuliza habari za asali mara mbili, halafu akaacha kuuliza, na huko kuacha ndiko kulikoniuma. Kwenye ile rafu aliweka maharage.

Niliamini nina mkosi. Nilianza kusema kwamba hata hivyo nyuki si kazi ya msichana, maneno ambayo angeyasema mtu mwingine ningemrukia. Ni kaka aliyenifumbua macho, tena kwa kicheko, tukiwa jikoni nikichuja asali ya baba. "Sasa nyuki gani ataingia kwenye sabuni?" akasema. Nyuki hufuata harufu ya nta ya zamani. Ule weusi nilioumwaga na maji machafu ndio uliokuwa ukiwaita.

Nilikaa chini palepale. Miaka yote nilimwona baba akiwa na safari ya kwenda kwenye mizinga hagusi sabuni, hapaki mafuta, anavaa shati lilelile. Nilikuwa nikiziba pua na kumtania. Mambo yote yalikuwa mbele ya macho yangu, nami nikayaita uchafu.

Nilimkuta baba nyuma ya nyumba, ananoa panga.

"Baba, ulijua kwamba sabuni itawafukuza nyuki?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoitia kwenye ndoo."

"Nisamehe baba, lakini kaka akikosea unamfokea hapohapo. Mbona mimi hukuniambia?"

Aliweka panga chini. "Ulikuwa unaosha huku unaimba, mwanangu. Nikashindwa."

Nililia kwa hasira. Nilimpenda sana wakati ule, na hiyo ilizidisha hasira, maana huwezi kumgombeza vizuri mtu unayempenda hivyo. Nikamwambia, "Kaka umemfokea mpaka amejua kazi. Mimi umeniacha niimbe." Alitazama mikono yake, na nikaona nimemuumiza, nikatamani kuyarudisha maneno yangu, lakini sikuyarudisha kwa sababu yalikuwa ya kweli.

Kesho yake asubuhi aliniamsha pamoja na kaka. Hakuna aliyeoga. Tuliuteremsha mzinga, mjusi akaenda kutafuta makazi mengine, tukayeyusha nta nyeusi na kuipaka ndani mpaka vidole vyangu vikagandana. Wiki ya tatu nyuki waliingia, na shangazi hatimaye alihamisha maharage yake. Lakini ninapoikumbuka kazi hii ilipoanza, sikumbuki nyuki. Nakumbuka asubuhi ile nikiwa juu ya tawi, nafunga kamba kwa mara ya kwanza, na sauti ya baba kutoka chini:

"We, unafunga mzinga au unafunga kuni? Hiyo itakatika kabla ya jioni. Fungua, anza upya."

Kaka alinitazama kwa huruma, akidhani nitalia. Nikafungua kamba, nikaanza upya, na nilikuwa na furaha kubwa kiasi kwamba ilinibidi nigeuze uso upande wa pili wa mti ili baba asinione nikicheka.