Kuku wa Siku ya Utamaduni

Mume wangu alifariki Jumanne, tarehe 3 Machi 2009. Miezi kumi baadaye, Jumatatu tarehe 11 Januari, niliingia darasa la gumbaru katika ukumbi wa mtaa wetu wa Shauri Moyo, mwanamke wa miaka arobaini na sita akishika kalamu kama mwiko. Tangu hapo sijaandika jambo lolote bila kuliwekea tarehe. Aliyezaliwa bila cheti huzithamini siku kuliko waliozikuta zimeandikwa.

Tarehe ninayoieleza hapa ni Ijumaa, 14 Oktoba 2022.

Mwanangu wa pekee alikuwa amesilimu ili amwoe binti wa Majengo, mwendo wa dakika kumi kutoka mlangoni pangu. Akina mama wa kanisani, Waluhya kama mimi, walinipa pole kama waliokuja matangani. Wawili hao walijaliwa mtoto mmoja, msichana, ambaye mwaka huo alikuwa na miaka tisa. Aliniita shosho, kama watoto wote wa Eastlands wanavyowaita bibi zao. Kila Jumamosi aliletwa kwangu, nami nikamfundisha kucheza isukuti, ngoma ya kwetu, sebuleni huku nikipiga kitako cha sufuria. Nilitaka jambo moja: Siku ya Utamaduni shuleni kwake, asimame upande wa Waluhya, na wale akina mama wamwone kuwa ni wangu.

Mwalimu aliwaruhusu watoto wachague kundi. Yeye alichagua letu bila kusukumwa.

Katika mitaa yetu ipo desturi isiyoandikwa popote. Kukiwa na shughuli ya watu wengi, kuku na mbuzi huchinjwa na Mwislamu, hata kama wenye shughuli wote ni wanakwaya, ili asiwepo wa kukaa kando na sahani tupu. Jirani yangu, mzee wa Kiislamu, ametuchinjia miaka mingi, na hata kwa kuku wa Jumamosi wa mjukuu wangu nilimwita yeye.

Wiki moja kabla ya sherehe, wazazi wa kundi letu tulikutana kugawana mapishi. Mwenyekiti wetu, mama mmoja wa kanisa langu, akasema, "Mwaka huu mzee apumzike. Ni siku ya utamaduni wetu. Kuku wa Kiluhya achinjwe na mkono wa Kiluhya."

"Na mjukuu wangu?" niliuliza.

"Si unasema ni wetu? Basi wetu hula kwetu. Ama ni wetu wa kucheza tu, kula ni wa Majengo?"

Wakacheka. Mwingine akanigusa bega. "Usijali, mama. Tutamchemshia yai. Yai halina dini."

Yai lingetosha. Ningelikubali yai lile, nisingekuwa na la kuandika. Lakini kumwekea mtoto chakula chake peke yake kulikuwa ni kukiri walichokuwa wakikisema akina mama hao kwa miaka kumi, kwamba si wetu. Nikajibu kwamba hakuna haja ya yai, na kwamba kuku nitawachinja mimi mwenyewe.

Niliwachinja wanne alfajiri ya Ijumaa. Mjane hangojei mwanamume wa kumshikia kisu.

Mtoto alicheza vizuri kuliko wenzake wote. Nalisema hilo kwa sababu ni kweli. Mabega yake yaliitikia ngoma kana kwamba amezaliwa Kakamega. Kisha tukakaa kula, yeye katikati yetu, na mwenyekiti akamwekea paja. Alilitazama, akaninong'oneza, "Shosho, nani amechinja?"

"Mzee jirani."

"Yule wa kila siku?"

"Yule."

Akasema bismillahi, akala. Mwenyekiti alingoja mpaka tonge la tatu lishuke.

"Haya, sasa ni Mluhya kamili. Mzee gani, mtoto wangu? Shosho yako ndiye aliyewachinja hawa. Angalia, damu bado iko kwa leso yake."

Mtoto hakulia. Alinitazama, akingoja nikanushe. Mimi nilikifunga upya kitambaa changu cha kichwa. Ndipo alipoinuka, akaenda kwenye bomba la uwanjani, akasukutua mdomo mara nyingi mbele ya shule nzima, na watoto wa kundi letu wakaanza kumwimbia: "Ametema kabila! Ametema kabila!"

Sikumhurumia. Nilikasirika kwamba amenitia aibu. Nilipomfikia bombani nilimwambia, "Ungemeza tu. Hakuna aliyewahi kufa kwa kuku."

Jumapili tarehe 16 mkwe wangu alikuja peke yake. Hakuketi mpaka nilipomkaribisha mara ya pili.

"Mama, mtoto hana dhambi," alisema. "Hakujua, na dini haimlaumu asiyejua."

"Basi hakuna neno."

"Neno liko. Anauliza kama hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Jumamosi zote hizi, Mama. Nimjibu nini?"

Nikamweleza ukweli, kwamba siku nyingine zote nilimwita mzee. Aliniitikia kwa adabu, kama mtu anavyomwitikia mlevi.

Jumamosi tatu zilipita bila mtoto. Jumapili tarehe 6 Novemba nilibeba kuku mzima, jogoo mwekundu mzito, nikavuka kwenda Majengo. Kuomba radhi sikuwahi kufundishwa, nyumbani wala gumbaru. Nilidhani kuku aliye hai, wamchinje wenyewe kwa mkono wao, angenisemea. Mkwe wangu alimpokea kwa mikono miwili na kunishukuru.

Nilirudi Jumamosi tarehe 26. Nyumba ilinukia pilau. Mjukuu wangu alikuwa amechutama barazani, akimmwagia mahindi jogoo wangu, aliyefungwa mguu kwa kamba.

"Bado hamjamchinja?" nilimuuliza.

"Huyu hatumli, shosho. Tunamfuga tu. Wa leo mama alimnunua sokoni."

"Kwani huyu ana nini?"

Alimwongezea punje chache, asiinue macho.

"Hana kitu," akasema. "Ni wako."