Kona Niliyoikata Pichani

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipoikata kona ya picha, na kwa kukata huko nikamharibia kazi mtu aliyenilea ugenini.

Nilikuwa binti mbichi wa Msambweni, nimeajiriwa ng'ambo katika maabara ya kukagua rangi zinazopakwa vyombo vya angani. Usidhani ni rangi ya urembo. Hiyo ndiyo huvikinga na jua kali la huko juu. Kamera yetu iliuchambua mwanga, hata ule usioonekana kwa macho, hivyo bati uliloliona jeupe lote, yenyewe ilikuonyesha penye kasoro.

Mpakaji alikuwa Ami Bakari wa Waa, aliyekuwa akipaka meli kabla ya kuja huko. Yeye na mkewe ndio walionipa chumba na kunipikia kama mtoto wao.

Asubuhi ile picha ya bati moja alilolipaka ilionyesha doa kwenye kona. Ami akainama kutazama.

"Mwanangu, hapo pana shaka. Huenda bati lilikuwa na mafuta. Lipige picha tena, nami nitalipaka upya."

"Ni kivuli cha taa tu, Ami," nikamjibu. Mkuu wetu alikuwa akiisubiri ripoti yangu ya kwanza, nami nilitaka sifa. Ami alipotoka, nikaikata kona ile, nikaandika kuwa rangi ni salama.

Wiki ya pili bati likajaribiwa kwa joto. Rangi ikabanduka pale pale. Mkuu akaniuliza mbele ya wote, "Picha yako ilionyesha kitu?"

"Hapana," nikasema.

Ami Bakari akanitazama, akaificha siri yangu. Hakutaka kunifedhehesha. Lawama zote zikamwangukia yeye, akaachishwa kazi.

Miaka miwili niliibeba aibu ile. Kisha nikamwandikia mkuu barua ya kukiri, nikafunga safari hadi kwao Waa, alikorudi. Nilimkuta Ami akipaka milango ya jirani. Nikamshika mikono, nikalia.

"Nilikusamehe siku ile ile," akasema. "Lakini kazi ile niliipenda, mwanangu."

Hadi leo maneno hayo yananichoma. Kazi hakurudishiwa.

Basi, mwanangu, ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajabebeshwa kosa lako. Ukichelewa utasamehewa, lakini msamaha hautamrudishia mtu alichopoteza. Mola akupe ulimi wa kweli, akukinge na majuto kama haya yangu. Amin.