Nilimrekebisha Mtendaji, Binti wa Watu Akakosa Chuo

Sikuiba, wala sikumchukua mume wa mtu. Ningekuwa nimefanya mojawapo labda ningejua pa kuanzia kutubu. Mimi nilisema kweli mbele ya watu waliokuwa wamenyamaza kwa makusudi, na binti aliyekuwa akiniita madamu akakosa chuo kwa sababu ya mdomo wangu. Nimelibeba hili tangu mwaka jana. Leo nalitua kwako unayesoma. Usinihurumie kwanza, sikiliza.

Mimi ni msichana wa Nyakato, hapa Mwanza. Nilipomaliza darasa la saba sikuchaguliwa kuendelea. Mwaka huohuo baba alipunguzwa kiwandani, na shule za binafsi zilizoanza kuota kila kona zilitaka ada ambayo kwetu ilikuwa ndoto. Nikajisomea. Nilisoma vitabu vya kuazima parokiani, magazeti yaliyofungiwa sukari, na kamusi isiyo na jalada. Nikafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikafaulu.

Lakini mtu aliyejifundisha mwenyewe ana ugonjwa wake. Kila siku anaogopa kugundulika kwamba hajui. Mimi nikiandika ubaoni nafuta mara tatu. Mtu akikosea jambo dogo kwenye mazungumzo, mwili unaniwasha mpaka nimrekebishe. Nimewahi kumrekebisha katekista katikati ya matangazo, kanisa zima likageuka kunitazama. Mama alinifinya. Sikujifunza.

Nilianza kufundisha twisheni barazani kwetu, na huko ndiko nilikompata Koleta. Si jina lake, ila nitamwita hivyo.

Mama yake alikuwa akiuza chai na maandazi kwenye geti la kiwanda. Mtaani waliitwa Waha wa Kasulu. Lugha waliyozungumza nyumbani na Kiha zinasikilizana, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuliza zaidi. Ukweli ni kwamba mama huyo alivuka kutoka Burundi akiwa na Koleta mgongoni, baada ya mumewe kuuawa. Hakuwahi kuishi kambini na hakuwa na karatasi yoyote. Mtaa mzima ulijua, na mtaa mzima ulisema Kasulu.

Mimi aliniambia Koleta mwenyewe. Tulikuwa tukisoma ramani, akaweka kidole upande wa pili wa mpaka akasema, "Madamu, mimi ni wa hapa." Kisha akakiondoa haraka, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto.

Alikuwa na akili yule mtoto. Hesabu nilizozihangaikia wiki nzima yeye alizimaliza huku akisuka nywele za mwenzake. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, alama zake zilikuwa nzuri kuliko zangu. Nilifurahi. Nadhani nilifurahi.

Akaomba chuo cha uuguzi, wakamwita. Mama yake alilia mpaka maandazi yakaungua.

Chuo kilitaka cheti cha kuzaliwa. Asiye nacho alitakiwa aende na barua ya mtendaji wa kata inayosema ni Mtanzania na amezaliwa wapi. Wito ulikuwa umechelewa posta, tukabakiwa na siku chache. Asiyeripoti Jumatatu nafasi yake inakwenda kwa mwingine.

Na siku zenyewe zilikuwa mbaya. Redio ilikuwa ikitangaza kwamba wageni wote wasio na vibali wajisalimishe, warudi makambini. Watu wa uhamiaji walikuwa wameonekana stendi na sokoni. Mama Koleta akaacha kwenda getini, akawa anamtuma jirani amuuzie.

Mjumbe wetu wa nyumba kumi alitangulia kuzungumza na mtendaji. Aliporudi alisema maneno mawili tu: "Aje kesho." Mama Koleta akaja kwetu akiwa amejifunika khanga mpaka kichwani.

"Mwalimu, msindikize mwenzio," aliniambia. "Mimi nikifungua mdomo tu, lafudhi itanisema."

"Nikaseme nini huko?"

"Usiseme. Kaa karibu yake, aone ana mtu."

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ungekaa. Mimi nilijitayarisha kama ninayekwenda kutahiniwa. Nilipiga pasi gauni mara mbili. Nilijiuliza maswali na kujijibu njia nzima.

Ofisi ya kata ilikuwa chumba kimoja chenye benchi na meza. Mtendaji alikuwa mzee mnene, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Kwenye benchi la dirishani alikaa kijana mwenye shati la kiraia, akisoma gazeti, soda pembeni.

"Huyo ni afande wa uhamiaji, anangoja gari lake," mtendaji alisema, kama mtu anayesema leo kuna mawingu. "Karibuni, karibuni."

Mkono wa Koleta ukautafuta wangu. Ulikuwa umelowa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mayu," akamwita mama kwa Kisukuma. "Wewe ndiye unayekwenda kujifunza kutuchoma sindano?"

"Ndiyo, mzee, nikijaliwa."

"Mimi usinichome. Nikija, unipe vidonge." Akavuta karatasi. "Haya. Umezaliwa wapi?"

Koleta akatazama sakafu. Mzee hakungoja jibu.

"Kasulu. Ninyi Waha mmejaa Nyakato hii. Mkija mji wa watu hamuijui njia ya kurudi." Akacheka peke yake, akaanza kuandika huku akisoma kwa sauti ya kuvuta. "Ninamfahamu aliyetajwa hapo juu... ni mkazi wa kata yangu... amezaliwa Kasulu, mkoa wa Kigoma..."

Yule afande akafungua ukurasa mwingine wa gazeti.

Mwili ukaanza kuniwasha.

Nilijua ni kosa la kuokoa. Si kwamba sikujua. Lakini nilimwona mtu mzima akiandika kitu kisicho sahihi, na mimi nimeketi pale kama mwalimu, ninajua jibu. Nikasikia sauti yangu imetoka.

"Samahani, mzee. Siyo Kasulu."

Kalamu ikasimama. Koleta akanibana vidole mpaka vikauma.

"Mwalimu," mtendaji akasema polepole, bila kuinua kichwa, "una wanafunzi wengi. Huyu umemchanganya na mwingine."

Naomba usome hapo mara mbili. Mzee wa watu alinifungulia mlango mwingine wa kutokea. Nilitakiwa kusema tu, "Kweli, mzee, nimechanganya." Badala yake niliudhika kwamba ananiona mwalimu asiyewajua wanafunzi wake.

"Sijachanganya, mzee. Huyu ninamjua vizuri. Amezaliwa Burundi, alikuja akiwa mdogo. Ninataka tu barua iwe sahihi, isije ikamletea matatizo huko mbele."

Nje mtu alikuwa akibishana na mwenye baiskeli, tukasikia kila neno lao. Gazeti la dirishani likashuka taratibu.

"Rudia, dada," afande akasema.

Ndipo akili ikanirudia, imechelewa. "Labda... afande, kwa kweli sina hakika."

"Sasa hivi ulikuwa na hakika."

Mtendaji akaifunika kalamu yake. Hakunitazama mimi. Alimtazama Koleta kwa muda, uso wake umeshuka kama wa mtu aliyefiwa.

"Mwanangu," alisema, "nilikuwa nimefika kwenye sahihi."

Afande aliandika jina la Koleta, akaagiza aje na mama yake ofisini kwao kesho yake. Hakufoka. Ningependa nikuambie alikuwa mtu mbaya, nipate wa kumlaumu. Gari lake lilipofika alitupita pale nje, akarudi hatua mbili kunifuata.

"Unafundisha nini, dada?"

"Kiingereza na hesabu."

"Mimi nilikuwa nasoma gazeti langu," alisema. "Ungeniacha nisome."

Akapanda gari.

Tulirudi nyumbani Koleta akiwa mbele, mimi nyuma. Hakulia. Mama yake alikuwa mlangoni, amesimama, na alipotuona uso wake ulijua kabla hatujafika.

"Nani kasema?" aliuliza.

Nikamsubiri Koleta anitaje. Nilikuwa tayari kupigwa.

"Hakuna, mama. Wamegundua tu."

Na mimi, niliyeshindwa kunyamaza mbele ya mtendaji, nikanyamaza. Nilisimama pale mbele ya mama yule na gauni langu lililopigwa pasi, nikamwacha mtoto anisetiri. Kati ya yote niliyofanya siku ile, hili ndilo linaloniamsha.

Walihojiwa, wakapewa siku chache waende kambini Kigoma. Jumatatu ya chuo ikapita wakiwa wanafunga mizigo. Kuna binti mwingine aliyeripoti kwa nafasi ile. Simchukii, hana kosa.

Majirani walimchangia Mama Koleta unga na blanketi. Mimi nilijificha ndani. Siku ya safari sikuweza tena kukaa. Nikapanda gari mpaka Usagara, nikadandia lori la ng'ombe mpaka Kigongo, kwenye kivuko cha Busisi. Niliwakuta kwenye foleni. Mama Koleta amekalia furushi, sufuria zake za chai kati ya miguu. Koleta amesimama akitazama maji.

Nikapiga magoti mchangani. "Mama Koleta, ni mimi niliyesema."

"Najua. Mjumbe aliniambia siku ileile."

"Mbona hukuja kunitukana?"

"Nikutukane ili iweje? Mtoto angepata chuo?" Alikuwa hana hata hasira, na hilo lilinitisha zaidi. "Usidhani Nyakato nzima ilitupenda, mwalimu. Yule mwenye nyumba wetu alinitukana kila kodi ilipochelewa. Alinirushia sufuria hizi nje, mvua inanyesha. Lakini hata yeye hakusema."

Nikamgeukia Koleta. "Mdogo wangu, nilidhani barua ikiwa na kosa, baadaye..."

"Madamu, usiniambie habari za barua."

Kivuko kilikuwa kinakaribia, watu wakaanza kusukumana. Nikaona nikimdanganya na hapo sitapata tena nafasi ya kumwambia.

"Nilitaka nionekane najua," nikasema.

Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Nilidhani hivyo," alisema. Akajitwika furushi, akamshika mama yake mkono, wakaingia na watu.

Tangu hapo nimeandika wizarani mara tatu. Niliambiwa kwamba mkimbizi anaweza kuombewa kibali na nafasi ya masomo akiwa kambini, ila ni njia ndefu. Barua zangu hazina kosa hata moja. Hazijajibiwa.

Twisheni yangu imekufa. Hakuna mzazi aliyekuja kunisema. Mmoja alisema mtoto anaumwa macho, mwingine akasema wanahamia Igoma, na hawajahama mpaka leo. Nikifika bombani mazungumzo yanakuwa ya bei ya sukari. Wananisalimia vizuri sana. Ninajua wanachofanya, maana nimeona wanavyoweza kufanya hivyo kwa miaka na miaka bila kuchoka.

Miezi miwili iliyopita, utingo mmoja wa hapa mtaani alipeleka mahindi huko Kigoma, akamwona Koleta. Anasaidia kwenye zahanati ya kambi: anafagia, anakusanya sindano zilizotumika, na manesi wakizidiwa anawatafsiria wagonjwa. Nilimkimbilia yule kijana nikamuuliza habari zote.

"Ameulizia watu wote," alinijibu. "Mjumbe, mama wa mboga, mpaka yule mwenye nyumba wao, amesema msalimie."

"Na mimi?"

Akajifanya anatafuta kitu mfukoni. "Dada, tulikuwa tunapakua. Hatukuzungumza sana."

Basi nawaambia ninyi mliojisomea kwa shida kama mimi, na ninyi mliosomeshwa, ambao mtu akikosea hamlali. Mkimkuta mtu mzima anakosea polepole, kwa sauti, mbele ya watu wenye akili zao, na hakuna anayemrekebisha, jueni kwamba si wajinga. Wapo kazini. Kuna mtu wanamvusha. Shika mkono wa uliyekwenda naye, utazame dirishani, mpaka sahihi iwekwe na muhuri ugongwe.

Mkitoka nje, hapo ndipo uongee.