Majibu Yenye Uzito Mmoja

Mama yangu mdogo hawezi kutulia. Akikaa, goti linacheza. Akisimama, anahamisha vitu: kikombe kutoka mezani kwenda kabatini, kutoka kabatini kurudi mezani. Bibi, aliyemzaa, anasema hata tumboni alikuwa vivyo hivyo. Ofisini wamempa jina la Kipimajoto, kwa sababu kazi yake ni kupima mifumo ya kompyuta kabla watu hawajaruhusiwa kuitumia. Anayo programu inayojifanya umati. Anaiambia iwe watu elfu moja, nayo inaubishia mfumo hodi kwa mikono elfu moja, kisha inamletea takwimu: wangapi walijibiwa, na baada ya muda gani.

Jumamosi hiyo ilikuwa zamu ya mfumo wa miadi wa hospitali. Kuanzia Jumatatu wagonjwa wangeomba siku ya kumwona daktari kwa simu, badala ya kujipanga dirishani tangu alfajiri. Kwa kweli alikuwa ameshaupima. Alhamisi alimwandikia bosi wake kwamba uko tayari, na bosi akawaahidi watu wa hospitali. Lakini vyombo vya mchana vilipoondolewa tu, aliifungua kompyuta juu ya kitambaa cha plastiki cha meza ya chakula, akawa anaitazama tena grafu ileile.

"Kuna nini?" bibi akauliza. Alikuwa anakunja nguo zilizoanuliwa.

"Hakuna kitu, mama. Ni nzuri."

"Sasa mbona umeikunjia uso kama imekutukana?"

"Ni nzuri mno."

Bibi akanigeukia. "Umemsikia? Mbaya analalamika, nzuri analalamika. Huyu hata peponi ataomba abadilishiwe chumba."

Nilicheka. Mama mdogo hakucheka. Miezi michache nyuma aliwahi kuuzuia mfumo wa maktaba moja dakika za mwisho, akidai unakwama, kumbe kilichokwama ni kompyuta yake mwenyewe aliyoitumia kupimia. Bosi hakufoka. Alisema tu, mbele ya wenzake, kwamba akiyumba tena, neno la mwisho litatolewa na mtu mwingine. Na neno la mwisho ndiyo kazi yenyewe. Mengine yote ni kubonyeza vitufe.

"Njoo uone," akaniambia. Kidole chake kikafuata mstari kwenye kioo. Watu walipokuwa wachache, kila mmoja alingoja karibu sekunde nzima. Walipoongezeka, mstari ulipaswa kupanda. Huu ulikuwa unashuka. "Umati unazidi, mfumo unazidi kuwa mwepesi. Fundi wetu aliyeuandika anasema ni ustadi wake."

"Labda ni ustadi wake kweli."

"Labda." Akainuka kwenda kufungua dirisha, akakuta liko wazi, akarudi.

Kwenye safu ya waliofanikiwa, programu iliandika mia kwa mia. Hiyo ndiyo aliyoiamini Alhamisi. Sasa akashuka zaidi, mpaka kwenye takwimu ambazo hakuna anayejisumbua kuzisoma, akafika kwenye ukubwa wa kila jibu.

"Yana uzito mmoja," akasema polepole. "Karibu yote."

"Ni vibaya?"

"Mwanangu, jibu linabeba jina la mgonjwa, jina la daktari, chumba, saa. Majina ya watu yalianza lini kulingana urefu?"

Akaiamuru programu ihifadhi majibu yenyewe, si muda wake tu, akaanza upya. Tukangoja, mimi kwenye kiti, yeye akizunguka meza. Ilipomaliza, akafungua jibu mojawapo kati ya yale yaliyofanana. Lilikuwa mstari mmoja: *Samahani, mfumo una shughuli nyingi, tafadhali jaribu baadaye.* Akafungua lingine. Lilelile.

Umati ulipozidi, mfumo ulikuwa unawarudisha watu mlangoni, kwa adabu na kwa haraka ya ajabu. Programu ya kupimia, ikiona kila aliyebisha ameitikiwa, ilihesabu ushindi. Kukataa hakuchukui muda, basi wastani ukashuka. Wala hapakuwa na hila. Fundi aliweka kinga ili mfumo usizidiwe. Mama mdogo ndiye hakuuliza jibu linasema nini.

Akaishika simu bila kupiga.

"Si ungoje tu hiyo Jumatatu?" bibi akasema. Sasa hakuwa na utani. "Pengine hawatakuwa wengi."

"Watakuwa wengi, mama. Na watarudishwa, na hakuna atakayejua ni mimi niliyesema njooni."

Akapiga, akaweka sauti ya nje ili apate kutembea.

"Kipimajoto," bosi akapokea, "usiniambie."

"Nakuambia, bosi. Ripoti ya Alhamisi naifuta."

"Ni kompyuta yako tena?"

"Hapana. Nimesoma majibu. Nakusomea moja." Akasoma.

"Hilo ni moja."

Akasoma la pili. Akasoma la tatu, kwa sauti ileile, kama anaita majina darasani.

"Basi, basi, nimeelewa! Wanaohudumiwa kweli ni wangapi?"

"Kwa mpigo, mia hivi. Waliobaki wanaombwa radhi."

"Na Alhamisi ulikuwa unatazama nini?"

"Wastani."

Bibi alikuwa ameshika shuka lililokunjwa nusu.

"Jumatatu hatufungui," bosi akasema mwishowe. "Ila niliwaahidi kwa neno lako, kwa hiyo wewe ndiye utakayempigia msimamizi wa mapokezi. Mengine tutayaongea ofisini." Akakata.

Mama mdogo hakujipa nafasi ya kuogopa. Alimpigia msimamizi papo hapo, akamweleza kwa kukimbiza maneno, akirudia mengine mara mbili. Yule msimamizi alimwacha amalize.

"Kwa hiyo mashine yenu inawaambia watu warudi baadaye?"

"Ndiyo, dada. Samahani sana."

"Hilo tunalifanya wenyewe hapa dirishani miaka yote, tena hata umeme ukikatika. Itengenezeni. Ikijifunza kazi nyingine, mtuletee."

Bibi aliziba mdomo kwa shuka ili kicheko kisisikike upande wa pili. Mama mdogo akashukuru, akaaga, na kabla sijamuuliza anadhani bosi ataamua nini, alikuwa ameshampigia fundi.

"Uko nyumbani? Washa kompyuta. Hapana, hujakosea wewe, ni mimi. Washa kwanza, nitakueleza ikiwaka."