Chanjo, Daktari na Kofia ya Chama

Jumamosi nilikuwa kwenye duka la dawa za mifugo pale Landless, Thika, nikingoja kupimiwa chakula cha kuku. Mbele yangu mama mmoja alikuwa akinunua chumvi ya ng'ombe. Mwenye duka, ambaye sote tunamwita daktari, akamkumbusha kwamba kesho yake wachanjaji wa ng'ombe wanapita mtaani kwake.

"Wangu hawachanjwi," mama akasema, akimwonyesha simu. "Soma. Hiyo dawa inafanya ng'ombe isishike mimba."

Daktari akasoma, akavua miwani. "Mama, huo ni uongo. Mimi nimesomea hii kazi."

"Wewe ni wa chama cha wale wengine. Tunakujua."

Hapo akaingia mwanamume aliyevaa kofia ya chama cha siasa cha huyo mama. Kabla hata hajasalimia, akasukumiwa simu. Akaitupia jicho, akacheka.

"Hiyo ni uongo, mama. Chanja ng'ombe zako."

Mama akafuta ule ujumbe palepale. "Basi waambie wapitie kwangu," akamwambia daktari, akabeba chumvi yake, akaenda.

Mwenye kofia alingoja afike mbali, kisha akaegemea kaunta. "Daktari," akauliza kwa sauti ya chini, "kwani hiyo chanjo ni ya nini?"

Wanaotaka kupambana na uongo wa mitandaoni waache kutuletea wataalamu pekee. Wamtafute kwanza anayevaa kofia yetu, wamfundishe yeye. Daktari naona alishaelewa. Hakumcheka. Alimvutia kiti.