Jina la Babu Kwenye Ndiva

Siku tatu nililala vibaya nikijiuliza jambo moja: filamu ile ilikuwa mbovu kweli, au mimi ndiye niliyeharibika?

Niliisubiri tangu nikiwa chuo. Mwongozaji wake nilimpenda kuliko wote. Katika kazi zake za nyuma hakuwahi kutuonyesha mzimu. Alituonyesha mlango ulioachwa wazi, au sufuria inayochemka jikoni pasipo mtu, nami nikawa nimekumbatia mto. Kuhusu hii mpya, watu waliandika mtandaoni kwamba wameshindwa kuimaliza. Nikafurahi. Nilikuwa na hofu yangu nyingine, na nilidhani hofu ya sinema ingeifunika.

Babu alifariki nikiwa kwenye mitihani ya mwisho. Sikufika kumzika, na tangu nirudi Same sijapanda kijijini. Kule juu mashamba yetu yananyweshwa kwa ndiva, bwawa la udongo linalojaa usiku na kufunguliwa asubuhi. Kila kaya ina zamu yake. Mgawa maji husimama ukingoni akaita jina la mwenye zamu mara tatu. Kama hakuna anayeitika, maji yanakwenda kwa anayefuata. Mwenye zamu akifa, jina lake linaendelea kuitwa mpaka mtu wa kaya ile aje mwenyewe, aitike, akubali kushika jembe siku za kuzoa matope.

Bibi magoti hayamruhusu. Baba mdogo, ninayeishi kwake hapa mjini, hawezi kuacha duka. Kwa hiyo kila Alhamisi jina la babu linaitwa, na watu wanakaa kimya.

Baba mdogo alinieleza haya akila makande, kama anayesimulia habari za mvua.

"Maharage ya bibi yako yanasinyaa," alisema. "Na wamesema msimu huu ukiisha hivi hivi, zamu wanapewa wengine. Wewe umemaliza chuo, upo upo tu. Panda ukaitike."

"Nitaenda, baba. Nasubiri kuitwa kwenye usaili."

"Usaili gani? Umeomba wapi?"

Nikainamia sahani yangu. Kuanzia hapo nikawa nalisikia jina lile nikiosha vyombo, nikianika nguo, upepo wa Same ukigonga bati. Mara tatu, halafu kimya.

Jumamosi mchana mtoto wa baba mdogo, kijana wa umri wangu, alinipeleka kwenye kibanda cha video nyuma ya soko. Filamu ilikuwa ya mama aliyefiwa na mwanawe ziwani. Kila siku anapakua chakula, anaweka sahani ya mtoto mezani, anaita jina lake. Mara ya kwanza alipoita, kamera ilibaki kwenye sahani. Mvuke ukapanda. Mikono yangu ikawa ya baridi, nikasema moyoni, huyu ndiye mwongozaji wangu.

Kisha ngoma zikalia na mtoto akatokea, uso mweupe pe, macho mekundu.

"Kaangukia kwenye sembe huyo!" mtu akapiga kelele kutoka mbele.

"Mama, mpe ubwabwa, ana njaa!"

Kibanda kizima kikacheka. Ndugu yangu alicheka mpaka akajifuta machozi. "Ndiyo hii uliyoisubiri mwaka mzima?" akaniuliza. Mzimu ulitokea tena, na tena, ukazungumza, ukaeleza hata sababu za kurudi. Nilitoka nikiwa na hasira, kama mtu aliyedanganywa na rafiki.

Ndipo usingizi ukapotea. Pengine mwongozaji amechoka. Pengine zile za zamani nazo zilikuwa hivi hivi, ila mimi nilikuwa mdogo. Pengine mtu anayekaa miezi bila kwenda kwenye kaburi la babu yake hana haki ya kutishwa na chochote. Niliitafuta ile sehemu ya sahani kwenye simu, nikaiangalia mara nyingi, kila mara nikiisimamisha kabla mtoto hajatokea.

Siku ya tatu, nikiwa nimeisimamisha tena, nikaelewa kwamba sikuwa na hamu ya kuona mzimu. Nilichokiogopa ni mama yule kuita na pale mezani pasisikike kitu. Na huko milimani, keshokutwa, mtu angesimama ukingoni aite hivyo hivyo, na mwenye kuweza kuitika nilikuwa mimi, nimelala kitandani na simu.

Jumatano nikapanda gari la juu. Bibi alipoitikia shikamoo yangu hakuniuliza nilikuwa wapi. Alinyoosha kidole kuelekea kaburini. Nikaenda, nikaweka konzi ya udongo, nikakaa kidogo.

Asubuhi yake nilisimama ndivani nyuma ya watu, nimevaa raba zangu za chuo. Mgawa maji akaita jina la babu. Watu wakatazama maji. Akaita mara ya pili. Nilikuwa na hakika kwamba nikifungua mdomo wote watageuka na kuuliza: siku ya mazishi ulikuwa wapi?

Akaita mara ya tatu.

"Nipo," nikasema.

Wakageuka kweli.

"Nani huyo?" mgawa maji akauliza.

"Mjukuu wake."

"Wa mitihani?"

"Ndiyo, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Matope utaweza?"

"Nitaweza."

Alinitazama miguuni. "Basi vua hivyo viatu. Mfereji wenu umejaa majani mpaka juu."

Nikavua, nikapokea jembe.