Picha Yenye Miguu

Nilifika Mkumbi na kamera moja shingoni na lenzi moja tu, na furaha niliyokuwa nayo ilikuwa ya kitoto kabisa. Miaka mingi nimepiga picha za harusi na komunyo ya kwanza pale Songea, na kila nilipotoka nyumbani nilibeba begi la lenzi tatu: ya karibu, ya watu wengi, na ile ndefu ya kuvuta vitu vya mbali. Bega langu la kulia lilikuwa limeshuka kuliko la kushoto, fundi cherehani ndiye aliyeniambia. Sasa nilikuwa nimepata lenzi moja inayofanya kazi za zote tatu. Ukizungusha pete yake upande huu, inachukua kanisa zima na kwaya yake. Ukizungusha upande wa pili, inakuletea kifungo cha shati la mpiga kinanda. Halafu ni nyepesi, inaingia mfuko wa koti na nafasi ya karanga inabaki. Nikajipa likizo ya kuzunguka na kupiga chochote nitakacho, bila bwana harusi wa kuniamuru nisogee kushoto.

Kituo cha kwanza kilikuwa kwa Bibi, mama yake mama yangu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekonda. Huko Songea umeoa mwingine, au ndio hawakupikii?"

Huo ni utani wetu tangu nikiwa sijui kufunga kamba za viatu. Nilimwambia nimekuja na kitu cha kumwonyesha, nikamvika mkanda wa kamera shingoni, nikamwelekeza jicho liwekwe wapi na pete izungushwe vipi. Nyumba yake iko ubavuni mwa mlima, na ng'ambo ya bonde kuna mlima mwingine, umejaa mashimo ya ngoro kutoka chini hadi juu, yale yanayochimbwa ili mvua isibebe udongo. Kwa macho ya kawaida watu wa ng'ambo ni vidoa. Bibi alizungusha pete, akazungusha tena.

"Kumbe wamechinja," alisema.

"Akina nani?"

"Hao wa pale juu. Mbuzi ananing'inia mlangoni, na jana kwenye jumuiya wamesema mwezi huu hali ni ngumu." Akahamia nyumba ya pili. "Na huyu anaanika kahawa chini kwenye udongo. Akikuuzia kahawa usinunue."

Nilikaa nusu ya asubuhi bila kamera yangu. Kila nilipoiomba alinipa mgongo. Nilicheka mpaka nikakaa chini, maana mimi niliwaza maua na milima, na Bibi kwa muda mfupi tu alikuwa amegundua kazi ambayo watengenezaji wa lenzi hawakuiandika kwenye boksi.

Aliponirudishia, sura yake ilikuwa imebadilika kidogo. Alisema, "Hii inafaa. Hii ndiyo utanipigia picha yangu ya msiba."

Hapa lazima nieleze kilichotokea kwa Babu. Kwetu jeneza linapotoka nyumbani kwenda kanisani, mbele yake anatembea mjukuu ameshika picha ya marehemu. Babu alipofariki ikaonekana hana picha. Tulipekua kabati lote, tukapata moja ya sherehe ya upadrisho, watu wamesimama safu mbili, Babu yuko katikati. Ikapelekwa Mbinga mjini ikakuzwa na kukatwa. Fundi alijitahidi, lakini mkono wa jirani aliyesimama pembeni ulikuwa begani kwa Babu, na mkono huo haukukatika. Mimi ndiye niliyeibeba. Njia nzima waombolezaji walinong'ona huu ni mkono wa nani, na ilipofika kanisani ikajulikana: ni wa jirani yule yule aliyegombana na Babu juu ya mpaka wa shamba la kahawa mpaka siku ya mwisho. Alikuwepo, amekaa benchi la mbele, anautazama mkono wake.

Kilichomuuma Bibi zaidi ni kwamba picha iliishia kifuani.

"Mtu anakwenda kwa Mungu bila miguu," alisema siku ile, na aliendelea kusema. Kwa watu wa umri wake picha ni mtu mzima, kuanzia kilemba hadi viatu. Ukimkata miguu umemkata miguu.

Basi masharti yake yalikuwa mawili. Miguu ionekane. Na nyuma yake liwe ziwa. Bibi hakuzaliwa milimani. Alizaliwa kando ya Ziwa Nyasa, upande wa Mbamba Bay, akaolewa huku juu kwa Wamatengo akiwa msichana, na tangu amzike dada yake hakuwa ameshuka tena. "Magoti haya yana safari moja ya kushuka iliyobaki," aliniambia. "Ukiiharibu, nitazikwa na picha ya kitambulisho. Na ile unaijua."

Naijua. Kwenye kitambulisho Bibi anafanana na mtu anayesubiri sindano.

Kesho yake mjomba alitupakia kwenye pikapu yake ya kubebea kahawa. Bibi alikaa mbele, amevaa kitenge cha Pasaka, na mapajani amepakata viatu vyeupe vipya ndani ya mfuko wa plastiki, visichafuke kabla ya kazi. Mimi nilikaa nyuma na upepo. Sijui niseme vipi raha ya siku hiyo. Nilipiga mashamba, nilipiga kanisa la matofali lililokaa peke yake kwenye kilima, nilimvuta mama mmoja aliyekuwa akipepeta maharage mbali kabisa na barabara nikaona hadi maganda yanavyoruka. Kila kona nilipiga ngumi paa la gari, mjomba asimame. Kwenye kona za mwisho, ziwa lilipotokea chini yetu lote kwa mara moja, sikuhitaji kupiga ngumi. Mjomba alisimama mwenyewe. Bibi alilitazama kupitia kioo cha mbele, akasema, "Lipo," basi, kama mtu aliyekuwa na wasiwasi kuwa lingekuwa limehamishwa.

Ufukweni kina mama walikuwa wanageuza usipa juu ya vichanja, wale samaki wadogo kuliko kidole, na harufu yake ilinifanya nimeze mate. Bibi alivaa viatu, akachagua mahali, akasimama. Mikono ikashuka ubavuni. Kidevu kikapanda. Na uso ukajifunga, ule ule wa kitambulisho. Nilipanua lenzi: kilemba kimo, viatu vimo, ziwa limo hadi milima ya ng'ambo. Kila alichotaka kilikuwemo isipokuwa yeye.

"Bibi, cheka kidogo."

"Kwenye msiba wangu nicheke nini?"

Nilimtania, nilimwita mke wangu mbele ya watu, niliimba. Kina mama wa usipa walicheka wote. Yeye alitulia kama nguzo. Mjomba alianza kutazama milima tuliyotoka, maana mawingu yalikuwa yanakusanyika, na barabara ile ukungu ukiishika haipitiki kirahisi.

Nikajifanya nimemaliza. Bibi alipumua, akaenda kwenye vichanja, akaanza kuwaambia wale kina mama kwamba usipa wao wameugeuza vibaya, zamani haukugeuzwa hivyo. Nikarudi nyuma taratibu, nikazungusha pete mpaka mwisho, nikamwiba. Alikuwa anabishana, kisha mmoja akamjibu kitu, akaangua kicheko, meno yote yaliyobaki yako nje. Nikaipata. Katika miaka yangu yote ya harusi sijapata picha nzuri kama ile. Nilikimbia kumwonyesha.

Aliitazama kwenye kioo cha kamera muda mrefu.

"Miguu iko wapi?"

"Bibi, angalia uso. Angalia unavyong'aa."

"Hata babu yako alikuwa na uso," alisema.

Furaha yote iliniishia pale pale mchangani, nikawa na hofu ya kweli. Bibi aliketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, mjomba akasema jamani tuondoke, na mimi nikaelewa kuwa nikirudi mlimani na uso bila miguu, au miguu bila uso, hakuna safari nyingine. Niliomba dakika chache. Nilifikiri: akiniona anajifunga, kwa hiyo asinione. Nikatembea pembezoni mwa maji, mbali sana, mpaka nyuma ya mitumbwi ya mwisho, nikajua kwa umbali ule lenzi itamchukua mzima, kilemba hadi viatu, naye hatajua. Nikapiga magoti, nikaweka jicho.

Bibi alikuwa anavua viatu.

Nikasema moyoni, la, Bibi, usivue. Alimkabidhi mjomba viatu, akakunja kitenge juu ya magoti, akaingia ziwani. Aliingia mpaka maji yakamfika katikati ya miundi. Wimbi likaja likamlowesha, akageuka kumtazama mwanawe, akacheka, akachota maji kwa viganja viwili akammwagia. Mjomba, mtu mzima mwenye mvi, mwenyekiti wa kijiji mstaafu, akaruka nyuma huku ameinua viatu juu visilowe. Bibi akamfuata na maji mengine. Nami nikabonyeza, nikabonyeza, nikiwa nacheka peke yangu nyuma ya mitumbwi mpaka kamera inaruka, na huku nalia kwa hasira kwamba miguu imezama.

Safari ya kurudi sikumwonyesha. Ukungu ulitupata njiani, mjomba akaendesha polepole, Bibi akasinzia na miguu yake mitupu ina mchanga. Nilimwonyesha asubuhi, jikoni, baada ya chai, nikianza na zile za kusimama wima. Alizipita. Alipofika kwenye ile ya ziwani alisimama. Amelowa, kilemba kimelegea, anacheka na maji yako hewani mbele ya viganja vyake, ziwa limejaa nyuma yake. Pembeni, ukingoni mwa picha, umeingia mkono mmoja tu, umeinua viatu vyeupe.

Nilitangulia kusema kabla hajasema. "Miguu haionekani, Bibi. Nisamehe. Na mkono wa mjomba umeingia, ila huo naweza kuukata."

"Usikate kitu," alisema. "Miguu si hiyo humo ndani ya maji? Nilizaliwa hapo. Kila mtu ataona ilipo." Akaweka kidole kwenye ule mkono. "Na viatu amenishikia mwanangu. Huyu mkono nimemzaa mwenyewe, hana ugomvi na mtu."

Nilitoka nje nikajifanya natafuta kuni. Nilikuwa na furaha kiasi cha kutaka kumpigia kelele yule mwenye mbuzi ng'ambo ya bonde.

Picha ilisafishwa Mbinga, ikawekwa kwenye fremu kubwa, sasa iko ukutani juu ya redio. Mgeni akiisifu, Bibi humjibu, "Ni ya msiba wangu, lakini kwa sasa naitumia mwenyewe."

Nilipokwenda mara ya mwisho kumsalimia, aliishusha, akaifuta vumbi kwa ncha ya kitenge, akanipa.

"Haya, tembea nikuone. Ile ya babu yako uliibeba kama sinia la wali."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania, ingawa alikuwa anacheka. Basi nikaishika kifuani, nikatoka mlangoni, nikapita kwenye majamvi ya kahawa, kuku wakinipisha, nikashika njia ya kanisani. Bibi alinifuata kwa nyuma na fimbo yake, pale pale ambapo siku ya msiba wake litakuwepo jeneza. Nilisikia viatu vyake kwenye kokoto na pumzi yake. Sikutaka tufike popote.

"Inyanyue kidogo," alisema nyuma yangu. "Umeiinamisha. Maji yatamwagika."

Nikainyanyua.